Kofia Arobaini

Wananiuliza kwenye sheli ya Sibu,
vijana wenye magari yanayojizima yenyewe:
Mama, Benzi hili ulilipataje?

Yupo anayetaka kusikia urithi.
Yupo anayetaka mnada wa Dubai.
Thuwaini wa duka la matairi, Landrova yake
aliikuta Ibra, mbuzi wamelala viti vya nyuma,
akanunua na mbuzi mmoja aliyekataa kushuka.
Kwa kusimulia simuwezi.
Langu ni deni tu.

Zahor bin Sleyum alichukua kofia arobaini,
za viua, uzi wa hariri,
miaka mitatu na ushei ya mgongo wangu,
akaziuza Matrah kabla ya Idi,
akala Idi, akala na Idi ya pili,
na kila nikipiga simu, yuko njiani.
Njia gani hiyo isiyofika Sibu?

Siku ya siku likaja, linavutwa kwa kamba,
limeinama upande kama mtu aliyeteguka nyonga,
rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa kikombeni,
taa zimesimama wima,
nyuma kutu imekula mpaka imeshiba.
"Chukua hili, Bi Shinuna. Tumalizane."
Nikamwambia: nikalivae kichwani?
Kashaondoka.

Miaka miwili nilianika ndimu juu yake.
Boneti lilishika jua kuliko paa,
siku nne tu ndimu zimekauka, nyeusi, nyepesi,
zinagongana kama mbegu ndani ya kibuyu.
Nadhani nilianza kulipenda hapo,
kama mtu apendavyo sufuria isiyounguza.

Kisha Shambe, fundi wa Wadi Kabir, Mbaluchi,
alikuja kununua ndimu, akanunua na maneno.
Akafunua boneti bila ruhusa,
ndimu zikamwagika hadi mlangoni kwa jirani,
akainama mle ndani muda mrefu, kisha akasema:
"Hili halijafa. Limenuna."

Kulibembeleza ilichukua miezi kumi na sita.
Kabureta ilitoka Sharja ndani ya boksi la viatu.
Kioo cha mbele alikuwa nacho mjane mmoja wa Suhar,
amekilaza chini ya kitanda, hajui kwa nini.
Breki nililipa kofia tatu.
Kiti cha nyuma kilichochanika nilikishona mwenyewe,
viua vidogo vidogo, kwa sababu mkono wangu
haujui kushona vingine.

Leseni nikaitafuta nina miaka hamsini na mitatu.
Mapipa ya mtihani niliyaangusha mara nne.
Mara ya tano, pipa la mwisho likatikisika,
likafikiri,
likasimama.

Juzi Zahor kaja. Kichwa kimekuwa pamba.
Bahasha nene: kumbe magari haya siku hizi
watu wanayatafuta kama dawa.
Nikamwambia, noti sizitaki.
Nishonee kofia arobaini. Kwa mkono wako.
Akacheka. Mie sikucheka.
Nikamletea kitambaa, sindano, uzi.

Akalamba uzi, akalenga, akakosa.
Akalamba tena. Jasho likamtoka.
Akanipa mimi.
Nikalamba, nikalenga,
na tundu la sindano likawa mawili, likawa halipo.
Tukakaa kibarazani, wazee wawili na sindano moja,
uzi unalambwa huku na huku
mpaka muadhini akatukuta.

Hakuwa na gari la kurudia. Nikampeleka.
Alikaa nyuma, kama abiria wa kulipa,
na kwenye kioo nikamwona
anapitisha kidole juu ya kiti,
kiua kwa kiua, midomo inacheza.
Sijui alifika ngapi.
Kwenye kona ya Al-Khudh, Benzi likakohoa kikohozi chake,
nikashusha gia.